Akina Nakamori na Singo Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudiwa sana na watu walioanza kumsikiliza Akina Nakamori hivi karibuni. Wengi hukwama mahali pamoja: wimbo wa kwanza waliousikia haufanani na wa pili, na wa pili haufanani na wa tatu. Tumeanza na ya msingi, tukafuata singo kwa miaka yake, na mwisho tumeweka yale ya pembeni. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, tumekuelekeza kwenye namba ya swali.

## Ya kuanzia

1. Akina Nakamori ni nani?

Ni mwimbaji wa pop wa Japani, aliyezaliwa Tokyo tarehe 13 Julai 1965. Aliingia kwenye muziki kupitia *Star Tanjō!*, kipindi cha televisheni cha kusaka vipaji. Alijaribu akakosa, akarudi akakosa tena, na mara ya tatu, mwaka 1981, akapita. Singo yake ya kwanza, "Slow Motion", ilitoka tarehe 1 Mei 1982. Alikuwa hajatimiza miaka 17.

Mwaka ule walitoka wasichana wengi kwa mpigo: Kyoko Koizumi, Yu Hayami, Chiemi Hori, Hidemi Ishikawa na wengineo. Wajapani hadi leo wanawaita kundi la maua la mwaka 82. Wote waliingia kama *aidoru*, yaani vijana wanaoandaliwa na kampuni waimbe, wacheke, wavae vizuri na wapendwe na familia nzima iliyokaa mbele ya televisheni. Akina alianzia humo humo. Alikofika ni kwingine.

2. Jina lake linatamkwaje? Na mbona nikitafuta "Akina" napata mambo mengine kabisa?

Kijapani kina irabu tano kama zetu, kwa hiyo lisome lilivyoandikwa: A-ki-na Na-ka-mo-ri. Tofauti ni kwamba sisi huwa tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao silabi zote huzipa uzito unaokaribiana.

Kuhusu kutafuta, tatizo ni kwamba lugha yetu ina "akina" yake, ya akina mama na akina baba. Andika jina zima. Ukiandika "Nakamori Akina" utapata zaidi, maana Wajapani hutanguliza jina la ukoo.

3. Singo ilikuwa kitu gani hasa kwa Japani ya miaka ile?

Ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule, inauzwa peke yake. Aidoru alitakiwa kutoa mpya kila baada ya miezi mitatu au minne. Ikitoka, anaizungusha kwenye vipindi vya televisheni, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa *The Best Ten* cha kituo cha TBS, kilichorushwa kila Alhamisi kuanzia 1978 hadi 1989. Wimbo ukiingia kumi bora, unaimbwa tena na tena wiki baada ya wiki, na nchi nzima inaangalia umevaa nini.

Jambo moja linawapoteza wageni: singo nyingi za Akina hazimo kwenye albamu zake za kawaida. *Fushigi* na *Crimson*, zote za 1986, hazina hata moja. Ukisikiliza albamu peke yake utakuwa umeikosa nusu ya kazi yake, na ni ile nusu ambayo Japani nzima iliijua kwa moyo.

4. Kwa nini kila singo inasikika kama ya mtu mwingine?

Sehemu ya jibu ni mfumo wa kazi. Aidoru hakuwa akijitungia. Kampuni iliagiza maneno kwa mshairi mmoja, melodia kwa mtunzi mwingine, na mpangaji muziki wa tatu akaviunganisha. Ukibadilisha watu hao, sauti nzima inabadilika.

Lakini waimbaji wote wa kizazi chake walipita kwenye mfumo huo, na wengi wao nyimbo zao zina sura moja. Kwa Akina, kadiri miaka ilivyokwenda, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anachagua: mtunzi gani aombwe, jina la wimbo liwe lipi, nguo ishonwe vipi, mkono uinuke kwenye neno gani. Kila singo aliipa mahali pake, nywele zake na uso wake, na ikitoka inayofuata yote yale anayaacha. Kinachobaki ni sauti: nzito, ya chini, yenye mtetemo mpana anapoushikilia mwisho wa mstari. Ukishaizoea sauti hiyo, huwezi kumkosea hata wimbo ukiwa mgeni kabisa kwako.

## Singo za mwanzo, 1982 na 1983

5. "Slow Motion" na "Shōjo A" zimepishana miezi mitatu tu. Ilikuwaje?

"Slow Motion" ni wimbo mpole wa ufukweni. Uliandikwa na ndugu wawili, dada Etsuko Kisugi kwa maneno na kaka Takao Kisugi kwa melodia. Ni mzuri, lakini kwenye Oricon, chati ya mauzo ya Japani, uliishia nafasi ya 30, na katika mwaka wenye wasichana wengi vile, nafasi ya 30 ni hatari.

Singo ya pili ilitoka Julai 28 mwaka huohuo. Maneno yaliandikwa na Masao Urino, muziki na Hiroaki Serizawa. Gitaa la roki limetangulia mbele, na msichana anayeimba amechoka kuambiwa yeye ni mtoto. "Shōjo A" maana yake "Msichana A", na ndivyo magazeti ya Japani yanavyomtaja mtoto mwenye kesi ambaye jina lake haliruhusiwi kuandikwa. Msomaji wa Kijapani alipoliona jina lile kwenye jalada, alielewa mara moja. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 5.

6. Ni kweli aliukataa?

Ndiyo, hakuutaka. Alihofia watu wangedhani hiyo A ni ya Akina, na kwamba msichana mtukutu anayeimbwa ni yeye. Akashawishiwa, akaingia studio. Sikiliza ukijua hilo: ile hasira kwenye kiitikio si maigizo matupu.

7. Kwa nini basi wimbo wa tatu ukarudi kuwa mpole?

Kampuni iligundua ina waimbaji wawili ndani ya mmoja, ikaamua kuwatumia wote kwa zamu. "Second Love" ya Novemba 1982, ya ndugu Kisugi tena, ndiyo iliyompa namba moja ya kwanza na ndiyo singo yake iliyouza kuliko zote. Baada yake ikaja "1/2 no Shinwa", kali. Kisha "Twilight", ya upole. Kisha "Kinku", kali tena. Mpole, mkali, mpole, mkali, mwaka mzima na nusu.

"Kinku" (eneo lililokatazwa kuingia) inastahili kusikilizwa peke yake, kwa sababu melodia ni ya Haruomi Hosono wa Yellow Magic Orchestra, baba wa muziki wa kielektroniki wa Japani. Akina aliwahi kuandaliwa pia wimbo mwingine, haukuchukuliwa; YMO wakautoa wenyewe mwaka 1983 kwa jina "Kageki na Shukujo". Sikiliza huo ukijaribu kuuwazia mdomoni mwa Akina.

## 1984, mwaka wa kugeuka

8. "Kita Wing" inahusu nini, na kwa nini mashabiki wanaitaja sana?

Ni mwanamke anayepanda ndege usiku kumfuata mwanamume aliye mbali. "Kita" ni kaskazini, na jina linarejea bawa la kaskazini la uwanja wa ndege wa Narita. Ilitoka tarehe 1 Januari 1984.

Inatajwa sana kwa sababu hapa ndipo alipoanza kushika usukani. Yeye ndiye aliyetaka mtunzi Tetsuji Hayashi na mwandishi Chinfa Kan, baada ya kuupenda wimbo waliouandikia kundi la Kiyotaka Sugiyama na Omega Tribe. Hata jina la wimbo ni lake. Lililopendekezwa lilikuwa la kawaida, la safari ya usiku. Yeye akang'ang'ania "Kita Wing". Alikuwa na miaka 18.

9. Singo nyingine tatu za mwaka ule?

"Southern Wind" ya Aprili ilitungwa na Koji Tamaki wa bendi ya Anzen Chitai, nyepesi, ya kiangazi. "Jukkai (1984)" ya Julai, jina lenye maana ya Amri Kumi, ilitungwa na mpiga gitaa Masayoshi Takanaka, na humo anamkaripia mwanamume legelege kwa ukali ambao hakuwahi kuufikisha kabla.

Halafu Novemba ikaja "Kazari ja Nai no yo Namida wa", yaani machozi si pambo. Maneno na muziki ni vya Yosui Inoue, mtunzi mzito ambaye albamu yake ya 1973 ilikuwa ya kwanza Japani kuuza nakala milioni. Mwanamke wa wimbo huu anasema hajawahi kulia, hata kwenye gari la mwendo kasi, na anapokaribia kulia anashangaa mwenyewe. Yosui aliurudia kwa sauti yake mwaka uleule. Wake ni mzuri. Wa Akina ndio unaokata, kwa sababu anauimba kama anayekataa kuhurumiwa. Kwangu mimi, msichana wa zamu ya mpole na mkali aliishia hapo.

## Safari za 1985 na 1986

10. "Mi Amore" ni lugha gani?

Jina la Kijapani linasomeka "Mi Amōre", na pembeni limeandikwa kwa Kireno, "Meu amor é...". Wimbo uko Rio de Janeiro usiku wa kanivali, mtu amempoteza mpenzi wake katikati ya umati. Mtunzi ni Naoya Matsuoka, mpiga piano aliyebobea katika muziki wa Kilatini, na ngoma za humo zimepigwa na watu wanaojua wanachofanya. Aliyekulia kwenye rumba atasikia mara moja kwamba midundo hii haikubandikwa juu juu.

Ilitoka Machi 1985 na ikampa Tuzo Kuu ya Rekodi ya Japani ya mwaka huo.

11. Nimesikia "Akai Tori Nigeta" na melodia ni ileile. Nani kamwiga nani?

Hakuna aliyeiga. Maneno ya kwanza ya melodia hiyo yalikuwa "Akai Tori Nigeta", ndege mwekundu katoroka. Ikaamuliwa yaandikwe upya, yakawa ya Rio. Yale ya awali yakatolewa Mei 1985 kwenye santuri kubwa ya inchi 12, nayo ikashika namba moja. Yasikilize yote mawili mfululizo: melodia moja, lakini sauti haikai mahali pamoja.

12. Je, "Sand Beige" na "Al-Mauj" zina Kiarabu cha kweli?

Ndiyo. "Sand Beige" ya Juni 1985, yenye jina la pili "kuelekea jangwani", inamweka mwanamke aliyeachwa katikati ya Sahara, na ndani yake yamo maneno machache ya Kiarabu, likiwemo la kuaga: *maa salama*. Msikilizaji wa Mombasa, Zanzibar au Muscat hahitaji kutafsiriwa hilo. "Al-Mauj" ya Januari 1988 maana yake ni wimbi.

Ni Arabuni iliyofikiriwa kutoka studio ya Tokyo, nami sitasema vinginevyo. Muziki wenyewe haufuati maqamu kama taarabu. Lakini upweke wa "Sand Beige" ni wa kweli, na anaposhuka chini kabisa ya sauti yake ule mchanga unauona.

13. Kwa nini "Desire" ndiyo watu wanaoikumbuka zaidi?

Kwa sababu ya vazi, na kwa sababu vazi na wimbo havitenganishiki. "Desire -Jōnetsu-" ilitoka Februari 3, 1986, maneno ya Yoko Aki, muziki wa Kisaburo Suzuki. Ni roki ya haraka inayosukuma. Mtu angetegemea jaketi la ngozi. Akina akatoka amevaa kimono kilichokatwa upya, mkanda umefungwa kwa namna yake, wigi jeusi lililonyooka na kukatwa usawa wa taya, na viatu vya kisigino. Wazo lilikuwa lake. Kisha anaanza kwa kuinamisha mabega, mkono unapiga hewa pale ngoma inapopiga, na unaona kwamba kimono hakimzuii hata kidogo. Kila kipindi alikuja na kimono kingine.

Wimbo ukampa Tuzo Kuu ya Rekodi kwa mara ya pili mfululizo, jambo ambalo hakuna mwimbaji wa kike aliyekuwa amelifanya kabla yake.

## 1986 hadi 1989

14. Albamu ya *Fushigi* imeharibika? Sauti yake haisikiki.

Haijaharibika. Wanunuzi wa 1986 nao walilalamika hivyohivyo. Akina ndiye aliyesimamia utayarishaji wake, na aliagiza sauti izamishwe ndani ya muziki, izungukwe na mwangwi hadi maneno yasisikike vizuri. "Fushigi" ni ajabu, au fumbo. Alitaka msikilizaji apate hali, si maneno. Mwimbaji aliyekuwa kileleni, anayependwa kwa sauti yake, akaificha, na albamu bado ikashika namba moja. Sikiliza usiku, kwa spika za masikioni.

15. "Blonde" ni wimbo wa kizungu uliotafsiriwa?

Karibu. Ulitungwa na Biddu na Winston Sela. Biddu ni mtayarishaji aliyezaliwa India ambaye mwaka 1974 alitayarisha "Kung Fu Fighting" ya Carl Douglas. Toleo la Kijapani lilitoka Juni 1987, na lile la Kiingereza, "The Look That Kills", limo kwenye albamu ya Akina ya *Cross My Palm* ya mwaka uleule. Kabla yake, mwezi Februari, alikuwa ametoa "Tango Noir". Tango, kisha dansi ya kizungu, kisha lililo kwenye swali linalofuata, yote ndani ya miezi minane.

16. Kwa nini watu wanasema usiisikilize "Nanpasen" ukiwa na huzuni?

Kwa sababu haikufariji. Ni wimbo wa Tokiko Kato, maneno na muziki vyake, na Akina aliutoa Septemba 30, 1987. "Nanpasen" ni chombo kilichovunjikia baharini, na anayeimba ni mwanamke aliyebaki ndani ya chumba kama mtu aliyebaki ndani ya chombo hicho.

Tafuta video ya televisheni anayoimba ameketi sakafuni. Hasimami, hatembei. Sauti iko karibu na mnong'ono, kiasi kwamba mstari wa kwanza utafikiri simu yako imepunguzwa, utagusa kitufe cha kuongeza. Usiongeze. Subiri. Macho yake hayaitafuti kamera. Polepole melodia inapanda, na pale unapotegemea apige kelele kama kwenye "Desire", anashikilia noti moja ndefu huku ule mtetemo ukipanuka, kisha anarudi chini. Huu ulikuwa muda wa nchi nzima kutazama, sponsa wamelipia, na mwimbaji mkubwa kuliko wote kakaa chini ananong'ona. Miaka mitano tu imepita tangu "Slow Motion".

17. Na "Tattoo"?

Mei 1988. Tarumbeta za bendi kubwa ya swingi, gauni fupi la kubana, dakika chache za raha tupu. Isikilize mara baada ya "Nanpasen" kama unataka kuelewa swali la 4 bila maelezo.

## Baada ya hapo

18. Nini kilitokea mwaka 1989?

Aprili alitoa "Liar". Julai alijaribu kujitoa uhai, akaokolewa, akapumzika mwaka mzima. Alirudi Julai 1990 na "Dear Friend", wimbo mchangamfu uliopokelewa kwa namba moja. Magazeti ya Japani yameandika sana juu ya kilichomsibu, na mengi ya hayo hayamsaidii mtu kuzisikia nyimbo. Sisi tunaishia hapa.

19. Je, aliendelea kubadilika baada ya miaka ya 80?

Aliendelea, ingawa singo zilipungua. Mwaka 1993, akiwa kampuni nyingine, alitoa singo yenye nyimbo mbili zilizotungwa na Ryuichi Sakamoto, "Everlasting Love" na "Not Crazy to Me". "Aibu" ya mwaka 1994 ilitungwa na Tetsuya Komuro, mtayarishaji aliyetawala muongo ule. Mwaka huohuo akaanza mfululizo wa *Utahime*, albamu za kurudia nyimbo za wengine, na humo utasikia jinsi anavyoweza kuuchukua wimbo wa mtu na kuuhamisha.

Alisimama mwaka 2010 kwa sababu ya afya. Usiku wa Desemba 31, 2014 akaonekana kwenye *Kōhaku*, tamasha la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya la kituo cha NHK, moja kwa moja kutoka New York, akaimba "Rojo -Tierra-", wimbo wa dansi ya kielektroniki wenye ngoma nzito. Miaka minne kimya, na bado akaja na sauti ambayo hakuwahi kuitumia.

## Maswali ya pembeni

20. Akina ni city pop, ile pop ya mjini ya Japani ya miaka ya 70 na 80?

Baadhi ya nyimbo, ndiyo. Tetsuji Hayashi wa "Kita Wing" ndiye aliyetunga "Mayonaka no Door" ya Miki Matsubara, ya 1979, ambayo dunia iliigundua upya mwaka 2020. Lakini ukimweka Akina mzima kwenye kapu hilo utaacha nje tango, Rio, jangwa na "Nanpasen". Hilo haliwezekani.

21. Yeye na Seiko Matsuda, nani zaidi?

Swali hili liligawa madarasa ya shule Japani nzima na sidhani litaisha. Seiko, aidoru mwenzake aliyeanza 1980, alikuwa na sauti angavu na ulimwengu mmoja aliouboresha wimbo baada ya wimbo, mara nyingi kwa maneno ya Takashi Matsumoto. Akina alivunja ulimwengu wake kila baada ya miezi minne. Ukipenda mwanga utakwenda kwa Seiko. Mimi nilikwenda upande wa pili na sijarudi.

22. Sijui Kijapani hata neno. Nitapoteza nini?

Utapoteza ukali wa Urino na Yosui, basi soma tafsiri ya "Shōjo A" na "Kazari ja Nai no yo Namida wa" kabla ya kusikiliza. Kwa "Nanpasen" huhitaji.

23. Nianzie wapi?

Usianze na mkusanyiko uliochanganywa ovyo. Fuata tarehe: "Slow Motion", "Shōjo A", "Second Love", "Kinku", "Kita Wing", "Kazari ja Nai no yo Namida wa", "Mi Amore", "Sand Beige", "Desire", "Tango Noir", "Nanpasen", "Tattoo". Chini ya saa moja utazimaliza zote. Kuanzia "Mi Amore" kwenda mbele tazama na video, si sauti peke yake, kwa sababu zilizo kwenye swali la 13. Kisha subiri siku moja kabla ya kuingia *Fushigi*.